Mteja si mtahini

Kama ulifanya Computer Studies sekondari, unaukumbuka ule mradi wa KCSE: mfumo wa hospitali, wagonjwa wote wa kubuni. Mtahini akishasahihisha, basi, umeisha.

Sasa uko mtaani, unasaka kazi. Mteja wako wa kwanza pengine ni mama wa duka la vipodozi, na hajali ulipata A ama D. Anataka mnunuzi akibonyeza "lipa", simu iitishe PIN ya M-Pesa. Hiyo kazi inapitia Daraja, ambayo Safaricom ilizindua 2017. Ina sehemu ya majaribio ya bure; keti nayo hadi uielewe. Wasee kadhaa ninaowajua walianzia hapo, si kwenye cheti. (Mimi chuo niliacha, kwa hivyo jua naegemea wapi.)

Shida kubwa huwa "nitatuma kesho". Fundi wa nguo hakati kitambaa kabla hujaacha kitu mezani, si ndio? Itisha nusu. Mwonyeshe mfumo ukifanya kazi kwenye seva yako, msimbo umpe salio likiingia. Na akisema "ongeza tu kitu kidogo", hiyo ni kazi mpya, mtajie bei.