Bilinganya Bovu la Durban

Mwaka 2010, mjini Durban, Afrika Kusini, mwanafunzi mmoja alikwangua upande wa chini wa bilinganya lililooza kwenye lundo la mboji. Humo mlikuwa na faji, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria na kumwacha binadamu salama. Kikaitwa Muddy, jina linalokifaa kwa mahali kilikotoka, kikahifadhiwa Pittsburgh, Marekani, katika maabara ya Graham Hatfull. Miaka minane baadaye kilihitajika London.

Aliyekihitaji ni msichana wa miaka 15 mwenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaompata mtoto aliyepokea jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia, ingawa wazazi wenyewe huwa wazima. Ute wa mapafu huwa mzito na kunata, na bakteria ambao kwa mwingine wangetoka kwa kikohozi, hapa hujipatia makao.

Kuwafurusha ni kazi. Pseudomonas aeruginosa, msumbufu mkubwa wa mapafu haya, hujifunika utando ambao antibiotiki huupenya kwa shida. Ndiyo maana tobramycin huvutwa kwa nebulaiza iifikie njia ya hewa yenyewe: siku 28 za kutumia, siku 28 za kupumzika. Mgonjwa akizidiwa, hutundikiwa dripu, mara nyingi ya dawa mbili kwa pamoja. Hata kipimo cha maabara hakiaminiki sana: dawa inayoua bakteria kwenye kisahani yaweza kushindwa kifuani, na iliyoonekana butu ikamsaidia mgonjwa.

Msichana huyo alikuwa na Mycobacterium abscessus, jamaa wa bakteria wa kifua kikuu na msugu kupindukia. Alitibiwa kwa antibiotiki miaka minane. Mwaka 2017 alipandikizwa mapafu yote mawili katika Hospitali ya Great Ormond Street, lakini maambukizi yakarudi kwenye kidonda cha upasuaji, yakafika ini na ngozi.

Sampuli ya bakteria wake ilipelekwa Pittsburgh, na Hatfull akatuma faji tatu. Mbili zilikuwa za aina inayojibanza ndani ya bakteria bila kumuua, zikaondolewa jeni inayozizuia. Ya tatu ilikuwa Muddy. Kuanzia Juni 2018 alipewa mara mbili kwa siku kupitia mshipa. Kidonda kikafunga, ini likapata nafuu, vinundu vya ngozi vikaanza kunywea. Antibiotiki hakuziacha, wala bakteria hawakuisha kabisa.

Sampuli ya mgonjwa wa pili nayo ilikuwa imepelekwa Pittsburgh. Yeye alifariki kabla haijapatikana faji ya kumfaa.