Utoro wa Shule: Nani Apandishwe Kizimbani?

Kila muhula unapoanza, hasa katika sehemu zinazopakana na Ziwa Viktoria, husikika kauli ileile kutoka mabaraza ya machifu na mikutano ya wazazi: watoro wakamatwe. Wako wanaotaka mzazi atiwe pingu. Wako pia, nao si wachache, wanaotaka mtoto mwenyewe afikishwe mbele ya hakimu ili iwe funzo kwa wenzake. Hoja yao ni rahisi kueleweka. Elimu ya msingi ni ya lazima. Anayekaidi jambo lililolazimishwa na sheria amevunja sheria. Na mvunja sheria ni mhalifu. Kisha humalizia kwa methali isiyokosekana katika hotuba za aina hii, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Yafaa kwanza tufahamu sheria yenyewe inasema nini, maana wengi wanaoitaja hawajapata kuifungua. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi isiyolipiwa na iliyo ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikafuata na kumwekea mzazi wajibu wa kuhakikisha mwanawe anahudhuria shule bila kukosa. Mzazi asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 30,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mtoto hakutajwa kuwa mshtakiwa. Sheria za watoto, ile ya 2001 na hii ya 2022 iliyochukua nafasi yake, humweka mtoto mtoro katika kundi la watoto wanaohitaji ulinzi na matunzo, si katika kundi la wahalifu. Basi wanaotaka mwanafunzi ashtakiwe kwa utoro wanadai jambo ambalo Kenya imelikataa kwa miaka mingi, na mimi naona ilifanya vyema. Linalobaki ni la mzazi.

Mwalimu aliyefunza miaka miwili mitatu karibu na fuo za Dunga, Usoma au Kusa hahitaji mtaalamu wa kumweleza kuwa utoro una kalenda yake. Omena huvuliwa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mwembamba au haupo kabisa, mashua husukumwa majini jioni, taa huwashwa juu ya maji ili kuwavuta samaki hao wadogo, na alfajiri mzigo hushushwa ufuoni. Tangu hapo kazi haina subira. Omena asiyeanikwa mapema huharibika siku hiyohiyo. Kunguru na yangeyange wanangoja mwanya. Nyavu zinataka kusafishwa na mashua kutolewa maji. Kazi zote hizo zaweza kufanywa na mtoto wa miaka kumi na miwili, tena kwa ujira ambao mtu mzima angeukataa. Mwezi unapopevuka na kung'aa usiku kucha, wavuvi hupumzika, na madawati yaliyokuwa matupu hujaa tena.

Halafu kuna miezi ya Aprili hadi Julai, ambapo serikali husimamisha uvuvi wa omena ili wazaane. Hapo pesa hukatika ufuoni, na mtoto hukosa shule kwa sababu iliyo kinyume cha ile ya kwanza: kazi haipo, na kwa hiyo hakuna cha kununulia sare wala chakula cha asubuhi. Ukiondoka ufuoni na kuingia uwanda wa Kano, kalenda hubadilika lakini haiishi. Mpunga wa Ahero unapoanza kushika punje, watoto hupelekwa kuamia ndege. Mvua za masika zikizidi, mto Nyando hufurika na madarasa huwa makao ya waliohamishwa na maji. Mwaka 2024 ufunguzi wa muhula wa pili uliahirishwa nchini kote hadi tarehe 13 Mei kwa ajili ya mafuriko. Maji yanapofunga shule elfu moja twayaita maafa; njaa inapomfungia mtoto mmoja nyumbani twaiita utoro.

Sasa na tumtazame huyo mshtakiwa. Sheria ya 2013 inapomtaja mzazi haikomei kwa baba na mama, bali inamhusu pia mlezi na yeyote anayewajibika kwa mtoto. Katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, ambako ukimwi uliwaua watu wengi wa rika la uzazi katika miaka ya 1990 na baadaye, nyumba si haba hadi leo zimo mikononi mwa nyanya. Huyo nyanya hununua omena ufuoni kwa ndoo na kuwauza sokoni kwa gorogoro. Kwake shilingi 30,000 ni mtaji wake wote pamoja na wa jirani yake. Akishindwa kuzilipa ataingia ndani, na yule mjukuu aliyekuwa akikosa shule siku kumi kwa mwezi ataikosa siku zote, kwani sasa yeye ndiye atakayebaki na wadogo zake.

Sisemi haya ili sheria ifutwe. Wako wazazi wenye uwezo wanaomtuma mtoto ziwani kwa tamaa tu, na wako wanaomwozesha binti wa gredi ya nane wakajidai kushangaa mwalimu anapouliza yuko wapi. Hao washtakiwe bila huruma. Lakini sheria yenyewe haikuanza na jela. Inamtaka mwalimu mkuu kwanza achunguze kwa nini mtoto hayupo. Akiona hapana sababu ya haki, ampe mzazi ilani kwa maandishi na kupeleka ripoti kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Uchunguzi huu ndio moyo wa sheria, nao ndio unaorukwa kila siku. Rejista hutiwa alama kila asubuhi kwa utiifu wa ajabu, kisha hufungiwa kabatini hadi afisa wa elimu atakapokuja kuikagua. Nani huisoma? Nani huketi akaona kwamba watoto wale wanane waliokosa Jumanne ndio waliokosa Jumanne ya mwezi uliopita, na kwamba wote wanatoka upande mmoja wa kijiji? Najua mwalimu wetu amelemewa, na kwamba aliye na darasa lililofurika hana saa ya kuwatembelea watu nyumbani kwao. Pamoja na hayo, machifu walioagizwa Januari 2021 kuwatafuta watoto ambao hawakurudi baada ya shule kufungwa kwa ajili ya korona waliipata saa hiyo, na walipobisha hodi walikuta mambo ambayo hakuna rejista iliyokuwa imeyaandika: wasichana wajawazito, na wavulana waliokwisha kuonja pesa taslimu na hawakuona faida ya penseli.

Shule nazo haziwezi kujitoa lawamani. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure Januari 2003, lakini mtoto angali anatumwa nyumbani akalete pesa za mtihani, za dawati, za chakula cha mchana. Anaondoka saa tatu asubuhi kwa amri ya shule, na siku mbili zinazofuata rejista inasema hayupo. Huyu naye ni mtoro? Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na bado kuna ofisi ambako kimeegemezwa pembeni, na watoto wanaochelewa huona heri kukosa siku nzima kuliko kukipitia langoni. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa ili wasichana wapewe sodo bila malipo; zinapochelewa kufika shuleni, msichana hukaa nyumbani siku kadhaa za kila mwezi, na hatamweleza mwalimu wa kiume sababu hata akitishwa kwa polisi.

Wanaopenda jela hupenda pia kututajia ng'ambo. Haya, twende huko. Mwaka 2002 mama mmoja wa mji wa Banbury, Uingereza, alifungwa kwa sababu binti zake wawili walikuwa hawahudhurii shule. Mabinti walirudi darasani, na watu wakashangilia kwamba dawa imepatikana. Mwaka 2004 mama yuleyule alifungwa tena, kwa kosa lilelile. Katika jimbo la Texas, Marekani, walikwenda mbali zaidi: mwanafunzi mwenyewe alishtakiwa katika mahakama za watu wazima na kutozwa faini, na aliyetimiza miaka 17 bila kulipa aliweza kulala korokoroni. Waliokuwa wakishtakiwa hivyo walikuwa wengi mno, na mwaka 2015 bunge la jimbo hilo liliufuta utaratibu huo. Sioni sababu ya sisi kuanza pale wenzetu walipoachia.

Nitaulizwa juu ya mtoro halisi, yule asiye na njaa wala nyanya mgonjwa. Yupo. Anatoka nyumbani Manyatta au Nyalenda amevaa sare safi, anaibadilisha nyuma ya kibanda, na saa nne asubuhi utamkuta Kondele kwenye ukumbi wa video au mbele ya mashine ya kamari. Huyo anahitaji mzazi mkali na mwalimu mwenye macho. Lakini hebu mtazame aliyempokea. Mwenye ukumbi huona kola ya sare ikichungulia chini ya fulana, akanyoosha mkono kupokea pesa. Mwenye leseni ya biashara anayemhudumia mtoto wa shule saa za masomo ni mtu mzima, anajua afanyalo, na anafaidika nalo. Hapo ndipo ningependa askari wa kaunti waelekee badala ya kuwafukuza wachuuzi wa mboga.

Kanuni hiyohiyo ndiyo ningeifuata ziwani. Sheria ya 2013 inakataza pia kumwajiri mtoto wa umri wa kwenda shule katika kazi inayomzuia kusoma, na adhabu iliyowekewa mwajiri ni kubwa mara nyingi kuliko ya mzazi. Ni ajabu basi kwamba katika mabaraza yetu jina la mwenye mashua halitajwi kamwe. Huyu ndiye anayenunua saa za mtoto kwa bei ya chini, na mara nyingi ndiye anayepewa kiti cha mbele barazani wakati wazazi wanapokaripiwa. Kumpata si kazi ngumu. Tangu kanuni za mwaka 2007, kila ufuo una kamati yake ya usimamizi, ambayo watu huiita BMU, na kamati hiyo inawajua wavuvi wake na mashua zao moja moja. Ina uwezo wa kujiwekea sheria ndogo. Kamati inayoweza kumzuia mtu kuvua kwa wavu wenye matundu madogo yaweza pia kumzuia kushusha mzigo kwa mikono ya watoto saa mbili asubuhi.

Mwalimu mkuu wa shule ya ufuoni anayo rejista, na tarehe za mwezi kuandama zimo katika kalenda ukutani mwake. Aziweke zote mbili mezani mbele ya kamati ya ufuo kabla ya giza lijalo, awaonyeshe siku ambazo gredi ya sita ilibaki nusu, na aulize siku hizo mashua za nani zilipakuliwa, na nani aliyewalipa waliopakua.