Je, Wajua? Altimita ya Ndege Haipimi Kimo

Altimita humwonyesha rubani ndege iko futi ngapi juu, lakini kinachopimwa ni mgandamizo wa hewa tu. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali 1 ni kama futi 27. Kipimo kikikosewa kwa hektopaskali 10, ndege huweza kuwa futi 270 chini ya inavyodhaniwa. Hapo mlima hausamehe.

Rubani huzungusha kitufe na kuweka kipimo cha mgandamizo anachopewa na waongoza ndege. Akishatua uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, altimita husoma zaidi ya futi 5,300, ingawa magurudumu yako ardhini: huhesabu kuanzia usawa wa bahari. Kioja kiko Schiphol, Amsterdam. Uwanja huo uko takriban mita 3 chini ya usawa wa bahari, hivyo altimita husoma chini ya sifuri!

Juu zaidi angani, marubani wote huweka hektopaskali 1013, hata kama hewa ya siku hiyo ni tofauti. Kosa likiwa moja kwa wote, ndege hazigongani. Marekani, wanakotumia inchi za zebaki, kipimo hicho ni 29.92, na huwekwa kuanzia futi 18,000.