Mkoma Kati ya Tembo na Tembo

Adhaniye Meru na Embu ni chai na kahawa tu, na ateremke upande wa Mto Tana. Katika Mbuga ya Meru, iliyotangazwa 1966, niliikuta mikoma, ile ile itupayo miaa ya mikeka huku pwani. Asili yake Afrika hii hii. Makoma ya nduguye wa Misri yalikutwa kaburini mwa Tutankhamun. Koma likiiva huokotwa chini au huangushwa kwa upembo. Ganda hutafunwa kwa utamu wake, kokwa gumu huchongwa vifungo.

Mpanzi wake ni tembo: hula makoma, akayaacha makokwa mbali ndani ya mavi yake. Muuaji wake naye ni tembo, lakini lile la kulewesha. Mgema hukata kilele, na shina la mkoma likikatwa kilele halichipui tena. Wala sisi wa mikeka si wasafi: makuti machanga yakivunwa mno, mti hudumaa.