Mkono Uliokufa wa Satchel Paige

Hivi karibuni bwenini kwetu palizuka ubishi juu ya mchezo wa besiboli. Si mchezo mgeni kabisa kwetu, maana mwaka 2012 vijana wa Lugazi, hapa Uganda, walikwenda Williamsport, Marekani, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano makubwa ya watoto ya mchezo huo. Basi mmoja wetu alikuwa amesoma kwamba timu za Marekani huweza kumwandikisha mrushaji mkongwe, mwenye mkono mbovu, na kumlipa fedha kabla hajapona. Wengi wakacheka. Mmoja akauliza, ni nani anunuaye ng'ombe aliyekwisha kuvunjika mguu? Mimi sikukubaliana nao, na sababu yangu ni habari ya mtu mmoja.

Kwanza yafaa tujue kazi ya mrushaji. Husimama futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji, akamrushia mpira, na mpigaji hujaribu kuupiga kwa rungu. Akikosa mara tatu, ametoka. Katika mchezo mmoja mrushaji aweza kurusha mara mia moja na zaidi, kwa nguvu zote. Bega na kiwiko huchakaa kama kamba ya kisima. Mchezaji mwingine akiteguka kidole aweza kuvumilia; mrushaji akiumia mkono hana tena kitu cha kuuza.

Leroy Paige, aliyejulikana kwa jina la Satchel, alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906. Alipokuwa na miaka 12 alipelekwa shule ya watoto wakosaji kwa sababu ya wizi, akakaa huko miaka mitano, na huko ndiko alikojifunza kurusha vizuri. Siku zile Wamarekani Weusi hawakuruhusiwa kucheza katika Ligi Kuu. Walikuwa na ligi zao wenyewe, na fedha zilikuwa za shida. Kwa hiyo Paige hakupumzika: majira ya joto alirusha, na baridi ilipoingia alikwenda palipo na jua akarusha tena. Mikataba pia alikuwa akiivunja. Mwaka 1937 aliiacha timu yake ya Pittsburgh akafuata fedha katika Jamhuri ya Dominika. Simsifu kwa hilo, ila njaa ya mtu aijua mwenyewe.

Mwaka 1938, akicheza Mexico, bega lilianza kumwuma hata mkono ukamshinda kuuinua. Kwa maelezo yake mwenyewe, daktari alimwambia kwamba hatarusha tena. Alikuwa na miaka 32, hana kazi nyingine aijuayo, na wenye timu aliowakimbia hawakuwa na haja naye.

Hapo ndipo alipotokea J. L. Wilkinson, Mzungu mwenye timu ya Weusi ya Kansas City Monarchs. Huyu hakuwa mjinga wa biashara. Mwaka 1930 alikwisha kununua taa za umeme za kuchukuliwa kwa magari, timu yake ikacheza usiku, miaka mitano kabla ya Ligi Kuu kufanya hivyo. Wilkinson alimwandikisha Paige, lakini hakumtia katika timu ya kwanza. Alimtia katika timu ya pili, iliyozunguka katika miji midogo. Jina la Paige likabandikwa kwenye matangazo, na watu wakaja. Paige alirusha mipira michache ya polepole, au alisimama mahali pengine uwanjani, na viingilio vikakusanywa.

Ndilo jibu langu kwa yule wa ng'ombe. Wilkinson hakununua mkono. Alinunua jina, tena kwa bei ya mkono mbovu. Usipopona, viingilio vimelipa mshahara. Ukipona, ana mrushaji bora aliyekataliwa na wengine wote. Lakini tusimsahau Paige katika hesabu hiyo. Yeye aliyekuwa akiwatoa wapigaji wakubwa kwa mpira wasiouona, sasa alirusha mipira ambayo hata mimi ningeipiga, mbele ya watu waliolipa kumtazama. Mtu mwenye kiburi angekataa.

Mwaka 1939 maumivu yaliondoka. Alikuwa akikandwa bega, lakini nadhani dawa kubwa ilikuwa kule kurusha kidogo kidogo baada ya miaka mingi ya kurusha bila kikomo. Tena aliporudi hakutegemea nguvu peke yake kama zamani; alikuwa na mipira ya kupinda na ya kuchelewa. Mwaka 1942 Monarchs waliishinda Homestead Grays, wakawa mabingwa wa timu za Weusi.

Jackie Robinson alifungua mlango wa Ligi Kuu mwaka 1947. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai, siku aliyotimiza miaka 42, Paige aliandikishwa na Bill Veeck wa Cleveland. Mhariri wa gazeti la The Sporting News aliandika kwamba ni kuushusha hadhi mchezo kumchukua mzee wa namna hiyo. Tarehe 20 Agosti watu 78,382 walijaa uwanjani Cleveland, na Paige hakuwaachia Chicago hata pointi moja. Msimu huo alishinda michezo 6 akashindwa mmoja, na Cleveland ikawa bingwa.

Siku hizi kuna kisu cha daktari. Mwaka 1974 Daktari Frank Jobe alitoa mshipa katika mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John akaupandikiza katika kiwiko chake cha kushoto. John alikosa mwaka mzima wa 1975, kisha akarudi akashinda michezo 164 zaidi. Paige hakupata msaada kama huo.

Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, alirushia Kansas City Athletics zamu tatu dhidi ya Boston, na mpigaji mmoja tu akafaulu kuupiga mpira wake na kufika kituoni. Miaka mitatu baadaye ilionekana kwamba amepungukiwa siku 158 za utumishi ili apate pensheni ya wachezaji. Timu ya Atlanta ikamwandikisha, si kwa ajili ya mkono wake, bali azitimize siku hizo.

Nilipomsimulia habari hii, yule mwenzangu wa ng'ombe alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kwa siku hizo 158 alipewa na mshahara. Nikamwambia, alipewa.