Utangulizi: Risasi Nyembamba, Mnyama Mkubwa

Kila anayeingia katika uwanja huu huja na swali lile lile: je, bunduki ndogo inaweza kumwangusha mnyama mkubwa? Jibu lake ni fupi. Inaweza, na imefanya hivyo maelfu ya mara, kuanzia nyika za Karamoja hadi misitu ya Uswidi. Kama udadisi wetu ungeishia hapo, kitabu hiki kisingekuwa na kazi. Kazi inaanza na maswali yanayofuata: ilimwangushaje, mikononi mwa nani, kwa umbali gani, na ni wanyama wangapi waliokwenda zao na risasi mwilini bila mtu yeyote kuwaandika?

Namkaribisha hata msomaji ambaye hajawahi kushika bunduki na wala hana nia ya kuishika. Hatapungukiwa na kitu. Uwanja huu umejengwa na madaktari wa upasuaji, wahandisi wa silaha, wataalamu wa maumbile ya wanyama, wanahistoria na maofisa wa wanyamapori, na wengi wao hawakuwa wawindaji. Anachohitaji ni hesabu za sekondari, uvumilivu wa kusoma kumbukumbu za zamani, na shaka kidogo kila anapokutana na mwanamume anayesimulia alivyoua tembo.

Tuanze na baruti, kwa kuwa ndiyo iliyofungua mlango. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, baruti ilikuwa nyeusi, yenye moshi mzito, na haikuweza kuisukuma risasi kwa kasi kubwa. Aliyetaka nguvu zaidi alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuongeza uzito wa risasi, hivyo na upana wa mtutu. Ndiyo sababu wawindaji wa tembo wa karne ya 19 walibeba mabunduki ya kurusha tonge la risasi lenye uzito wa gramu 100 na zaidi. Frederick Selous, ambaye kaburi lake lipo Beho Beho, katika eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, aliyatumia katika miaka ya 1870 akiwa kijana. Baadaye aliandika kwa majuto kwamba teke la mabunduki hayo lilimwachia wasiwasi wa neva uliomsumbua kila alipolenga.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa lilikuwa na bunduki ya Lebel ya milimita 8, na haikuchukua muda majeshi mengine ya Ulaya yakapunguza upana wa mitutu yao hadi milimita 8, 7, hata 6.5. Risasi ikawa nyembamba na ndefu, ikavikwa ganda la chuma, ikaruka kwa kasi ambayo baruti nyeusi haikuwahi kuifikia. Bunduki hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kuua watu. Jambo hilo tusilifunike kwa maneno laini, kwa sababu hata elimu ya jeraha la risasi tunayoitegemea leo ilitoka huko huko. Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa Bern aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi ya shingo, alitumia miaka mingi kuchunguza risasi zinavyoharibu mwili, na mwaka 1895 alichapisha kitabu kuhusu majeraha ya risasi za kaliba ndogo hasa, yaani zinazotoka kwenye mtutu mwembamba. Karibu karne moja baadaye Mmarekani Martin Fackler, naye daktari wa upasuaji wa jeshi, alikuwa akipiga risasi katika vipande vya gelatini na kupima njia inayoachwa. Wawindaji walikuja kuazima elimu hiyo ikiwa tayari imeshaiva.

Sasa tumfikie mtu ambaye hakuna anayeweza kumkwepa. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880, alifika Afrika Mashariki akiwa na umri wa miaka 17, akaenda kutafuta bahati kwenye machimbo ya dhahabu ya Kanada, akapigana katika vita vya Makaburu, kisha akarudi huku mwaka 1902. Njia yake ya kwenda Karamoja ilipitia Mumias, mahali ambapo misafara ya Waswahili wafanyabiashara wa pembe za ndovu ilikuwa na kituo chake muda mrefu kabla yake. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua tembo 1,011, kama 800 kati yao kwa bunduki ya Mauser ya milimita 7, ambayo watengenezaji wa Kiingereza wa Rigby, wakipima mtutu kwa sehemu za inchi, waliiita .275. Katika zama hizo hizo wenzake walibeba bunduki za mitutu miwili za .450 na .577, na wengi walimwona kama mtu anayecheza na kifo.

Bell hakuwa anacheza. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo unakaa wapi. Hapo ndipo siri yake yote ilipo, na ndipo ninapowashauri wanafunzi wakae kwa muda mrefu kuliko kwenye jedwali lolote la kasi na nishati. Kichwa cha tembo ni kikubwa mno machoni, lakini sehemu kubwa yake ni mfupa wenye vyumba vya hewa, mithili ya sega la nyuki. Ubongo, wenye uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, umejificha chini na nyuma, katikati ya matundu ya masikio. Anayelenga katikati ya paji la uso kwa kufuata macho yake atatoboa sega na kumwudhi mnyama. Anayejua ramani ya ndani hubadili pembe ya kulenga kila tembo anapoinua au kuinamisha kichwa. Bell alizijua pembe hizo kiasi kwamba mlengo mmoja, ule wa kutoka nyuma kwa mshazari kupitia misuli ya shingo, mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Lakini risasi ya gramu 11 ilifikaje kwenye ubongo kupitia mfupa wote huo? Hesabu yake haihitaji maabara. Kinachoamua kina cha kupenya, kwa risasi ngumu isiyopasuka, ni kasi yake pamoja na uzito uliopo nyuma ya kila milimita ya mraba ya uso wake. Chukua kichwa cha risasi cha Mannlicher ya milimita 6.5, bunduki nyingine aliyoitumia Bell: gramu 10.4 nyuma ya uso wa kama milimita 35 za mraba. Chukua cha .577: gramu 48.6 nyuma ya milimita 173 za mraba. Gawanya. Ndogo ina miligramu 295 kwa kila milimita ya mraba, kubwa ina 280. Dubwana lile linaloogopwa halina faida yoyote hapo. Linachimba shimo lenye eneo kubwa mara tano, ni kweli, ila kwa kina haliishindi nyembamba, mradi nyembamba isipinde njiani.

Upande wa bega la mpigaji, mambo ni tofauti kabisa. Zidisha uzito wa risasi kwa kasi yake, ongeza gesi ya baruti, kisha gawanya kwa uzito wa bunduki, utapata kasi ambayo kitako kinarudi nayo. Kwa Mauser ya milimita 7 yenye uzito wa kilo 3.6, nishati inayofika begani ni kama jouli 16. Kwa .577 ya kilo 6 ni kama jouli 120, zaidi ya mara saba. Mwili wa binadamu hukumbuka adhabu. Baada ya mapigo machache jicho huanza kufumba kabla ya mlio, kidole hukwanyua badala ya kubana, na risasi huenda pembeni. Kwa hiyo ninaposema faida ya bunduki ndogo, nakusudia hasa faida inayompata mpigaji: anafanya mazoezi mengi kwa sababu hayamuumizi, na akikosea anaweza kupiga tena haraka. Mnyama mwenyewe hafaidiki wala hadhuriki kwa teke la bunduki.

Hapa huwa naona wasomaji wakishawishika kupita kiasi, basi niwavute kidogo. Ushahidi wa Bell ni ushahidi wa Bell. Ni maneno ya mtu aliyefaulu, aliyerudi Uskoti na kuandika vitabu, aliyekuwa na shabaha ya ajabu na miaka mingi ya kila siku porini. Waliojaribu njia yake wakakanyagwa hawakuacha kumbukumbu. Tembo waliojeruhiwa wakafia mbali nao hawamo katika 1,011. Hata mafanikio yake hayakuwa ya bunduki peke yake: aliahidi ng'ombe kwa yeyote atakayemletea habari za madume, na Wakaramojong, akiwemo Pyjalé anayemtaja kwa heshima kubwa, ndio waliomfikisha karibu kiasi cha kuchagua pembe ya kulenga. Vitabu vya uwindaji hupima mtutu kwa sehemu za inchi lakini humtaja mfuata nyayo kwa jina moja tu, kama anatajwa. Mwanahistoria wa uwanja huu ana deni hapo, na natamani miongoni mwa wasomaji wangu awepo atakayelilipa.

Jim Corbett, mwindaji wa wanyama wala watu huko India, ni kesi nyingine inayonukuliwa ovyo. Alipewa Rigby ya .275 baada ya kumuua chui milia jike mla watu wa Champawat mwaka 1907, na ndiyo aliyoitumia mwaka 1926 dhidi ya chui mla watu wa Rudraprayag. Wengi wanaopita karibu na makao yake ya mwisho pale Nyeri, alikofariki mwaka 1955, hawajui kwamba mzee huyo alikuwa mmoja wa mashahidi wakubwa wa kaliba ndogo. Hata hivyo chui si tembo. Ana ngozi nyembamba na mifupa myepesi, na kumweka katika hoja moja na tembo ni kuchanganya mizani.

Halafu kuna Bella Twin, mwanamke wa Wakrii wa Alberta, Kanada, ambaye mwaka 1953 alimuua dubu mkubwa kuliko wote waliokuwa wamepimwa wa aina yake kwa bunduki ya .22, ile ambayo wengine hupigia sungura. Alimlenga kwenye upande wa kichwa, akiwa karibu sana, kisha akaendelea kupiga mpaka akahakikisha. Kisa ni cha kweli. Kinathibitisha kwamba jambo linawezekana, basi. Kukigeuza kuwa ushauri ni ukatili kwa dubu na upumbavu kwa mwindaji.

Sheria za kwetu zimechagua upande wa tahadhari. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mjadala huko ni wa kihistoria tu. Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaruhusiwa, kama nchi nyingi za Afrika zinazouruhusu, inataka kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama tembo na nyati. Nakubaliana na sheria hiyo, na sababu yangu haiko kwenye kina cha kupenya. Risasi nzito ikikosa ubongo kwa kiasi kidogo, mara nyingi humtikisa tembo au kumwangusha kwa muda, mwindaji akapata nafasi ya pili. Risasi nyembamba ikikosa, imekosa. Mgeni aliyeshuka ndege wiki iliyopita hana miaka ya Bell mikononi mwake.

Kwa ushahidi bora kuliko hadithi za mashujaa, itabidi twende kaskazini mwa Ulaya, ambako kaliba ndogo ni jambo la kawaida kabisa. Uswidi na Norwei, zikiwa bado chini ya mfalme mmoja, zilichagua risasi ya milimita 6.5 kwa majeshi yao mwaka 1894, na wakulima wakaichukua kuwindia elki, kulungu mkubwa wa misitu ambaye dume lake hufikia kilo 500. Hadi leo makumi ya maelfu ya elki huwindwa Uswidi kila mwaka, na 6.5 bado ipo. Sheria ya huko haitaji kaliba. Inataka kichwa cha risasi kinachopanuka, chenye gramu 9 na nishati ya jouli 2,700 kwa umbali wa mita 100, au gramu 10 na jouli 2,000. Msomaji makini ataona kwamba kipengele cha pili kinaiacha risasi nzito ya 6.5 ipite mlangoni. Norwei nayo inampima mpigaji: kila mwaka, baada ya risasi 30 za mazoezi, lazima apige risasi 5 kwa mita 100, zote ndani ya duara la sentimita 30, la sivyo haendi msituni. Kwa maoni yangu kanuni hiyo imegusa kiini cha jambo kuliko mabishano yote ya kaliba.

Na sasa hivi uwanja wenyewe unahama. Mabaki ya risasi za madini ya risasi huwaua ndege wala mizoga, na California ilizipiga marufuku kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019. Mbadala wake ni shaba tupu, ambayo haivunjiki vipande na hivyo hupenya mbali hata ikiwa nyembamba. Lakini shaba ni nyepesi. Kwa urefu ule ule wa kichwa cha risasi, gramu hupungua, na kanuni zilizoandikwa kwa gramu 9 au 10 hazikuifikiria. Je, mtunga sheria apime uzito, nishati, au kina kilichopimwa katika gelatini? Wataalamu hawajaafikiana, na sura tatu za mwisho za kitabu hiki zinaeleza wanagombania nini.