Chora Tuone: Mkutano Ambao Kila Mtu Anaufuata

(MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia mikutano yetu ya kambini. Chukueni mkutano wa maji. Mfanyakazi wa shirika anasema Kiingereza, mkalimani anatafsiri kwa Kiswahili, na nyuma kule jirani anamnong'oneza mwenzake kwa Kirundi au Kibembe. Mwishoni wote wanapiga makofi. Lakini je, wote wameelewa bomba jipya litawekwa wapi?

MWENZAKE: Hapo ndipo mchoro unaposaidia, dada. Mtu mmoja anachora mbele ya watu huku mazungumzo yakiendelea. Mama akisema njia ya kwenda bombani ina giza na vichaka, mchoraji anachora njia, vichaka na ndoo. Mama anaona kwa macho yake kwamba neno lake limepokelewa.

MTANGAZAJI: Lazima awe fundi wa kuchora, kaka?

MWENZAKE: Hapana. Mistari na maduara yanatosha. Hata karatasi si lazima. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Kenya na India, wanavijiji walichora ramani za vijiji vyao ardhini, wakitumia vijiti, mawe na mbegu. Njia hiyo ikaenea nchi nyingi. Uzuri wake ni kwamba kijiti hakina mwenyewe: anayepinga anainama, anafuta, anachora upya.

MTANGAZAJI: Tuanzie wapi basi?

MWENZAKE: Kwanza, mkubaliane alama. Msalaba kwa mmoja ni zahanati, kwa mwingine ni kanisa, kwa mwingine ni kaburi. Pili, wazee, akina mama na wenye ulemavu wakae karibu na mchoro. Kwa asiyeona, mchoraji aseme kwa sauti kila anachochora. Tatu, kabla ya kuagana, mchoraji aulize: "Ndivyo mlivyosema?" Kikikosewa kitu, kirekebishwe hapo hapo.

MTANGAZAJI: Na hatari je?

MWENZAKE: Ipo. Picha ya simu husafiri mbali. Usichore sura, jina wala nyumba ya mtu aliyefanyiwa ukatili, au aliyetoa taarifa ya ukatili. Mambo hayo huzungumzwa faraghani na mhudumu anayehusika, si mbele ya umati.

MTANGAZAJI: Na mvua ikinyesha, ramani ya ardhini si itafutika?

MWENZAKE: Itafutika. Kwa hiyo mtu ainakili kwenye karatasi siku hiyo hiyo, aandike tarehe, na kiongozi wa eneo lenu aitunze. Mkutano ujao itolewe tena, watu waulize: tulichochora kimefanyika?

MTANGAZAJI: Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na maneno yetu mikutanoni ni mali. Tuyachore, wasikilizaji, tusije tukaambiwa hatukusema. Kwaherini hadi kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)